Sauti Yako Inakutangulia: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Umbile la Sauti na Dhana za Msikilizaji

Kwa miaka kadhaa kazi yangu imekuwa kukaa upande wa pili wa kioo cha studio, hedifoni masikioni, nikiamua nani asome tangazo la benki na nani asome la soda. Maswali haya nimeulizwa na watangazaji wanaoanza, walimu, wahubiri, vijana wanaojiandaa kwa usaili na, kuliko wote, watu waliosikia sauti zao kwenye WhatsApp wakaudhika. Sikuyapanga kwa umuhimu.

Umbile la sauti ni nini hasa? Mbona husemi "ubora wa sauti"?

Ukisema "ubora" umeshahukumu, maana kuna bora na kuna hafifu. Umbile la sauti ni kile kinachokufanya umtambue shangazi yako kwenye simu kwa "haloo" moja tu, kabla hajajitaja. Si maneno aliyochagua, si lafudhi ya kwao. Ni jinsi koo, kinywa na pua yake vinavyoipokea pumzi na kuitoa ikiwa sauti.

Weka vidole viwili kwenye kikoromeo, uvute "sss", kisha "zzz". Mtetemo ulioshika vidole kwenye "zzz" unatoka kwenye nyuzi za sauti, mikunjo miwili midogo ya misuli na utando iliyomo ndani ya zoloto, kile kisanduku cha sauti kilicho nyuma ya kikoromeo. Mwanamume mzima akizungumza kawaida, nyuzi hizo hugongana mara 100 hadi 120 hivi kwa sekunde. Za mwanamke hugongana karibu mara 200, na za mtoto mdogo hufika 300. Hapo ndipo tunapopata sauti nene na sauti nyembamba.

Lakini unene ni sehemu moja tu ya habari. Nyuzi zisipokutana sawasawa pumzi huvuja, ukapata sauti ya pumzi, kama ya mtu anayekuambia siri. Zikibanwa mno, sauti hukaza kama ya mtu aliyejitwika gunia. Zikilegea zikagongana polepole bila mpangilio, sauti hukatikakatika chini kama mlango wa mbao usiotiwa mafuta. Na pumzi ikipita puani pasipostahili, hicho ni king'ong'o.

Sasa chukua "habari za asubuhi" uitamke kwa namna zote nne. Maneno ni yaleyale, ila umeshakuwa watu wanne.

Kiswahili kina majina ya aina hizi za sauti?

Kinayo tele, na mengi yamebeba hukumu ndani yake. Ukisema fulani ana sauti nyororo umemsifu, ukisema ana sauti kavu umempunguzia kitu. Kuna sauti kama ya ninga, kuna sauti ya kumtoa nyoka pangoni, na "besi" tumeitoa kwenye kwaya tukaigawia wasoma taarifa ya habari. Neno lisiloegemea upande wowote ndilo adimu. Wanafonetiki, wataalamu wa sauti za lugha, walilazimika kulitafuta: Mwingereza John Laver mwaka 1980 alichapisha mfumo unaoieleza sauti kwa kile viungo vinachofanya, si kwa jinsi inavyompendeza msikilizaji. Madaktari nao wana kipimo kilichotoka Japani, ambapo mikwaruzo, pumzi inayovuja, unyonge na ukazaji wa sauti hupewa alama kuanzia 0 hadi 3. Baridi kabisa, lakini inasaidia.

Msikilizaji anachukua muda gani kuniwekea dhana?

Chini ya nusu sekunde. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Glasgow walichukua sauti za watu 64 wakisema "hello" tu, wakawasikilizisha watu 320. Neno lenyewe halifiki hata nusu sekunde, lakini wasikilizaji walitoa alama za uaminifu, ukali, ujasiri na mengineyo bila kusitasita, na wakakubaliana kwa kiasi kikubwa. Majibu yao yote yalijikusanya kwenye maswali mawili: huyu ananitakia heri au shari, na je, ana nguvu ya kunitenda?

Mimi sishangai. Mama akiitikia "bee!" kutoka jikoni, mtoto aliyevunja kikombe anajua tayari kama atoke au akae alipo.

Je, dhana hizo huwa za kweli?

Hili ndilo swali lenyewe, na mengine yote yanalizunguka.

Mwaka 1927 mwanasaikolojia T. H. Pear wa Manchester alitumia redio ya BBC, ambayo wakati huo ilikuwa changa, kurusha sauti za wasemaji 9, akawaomba wasikilizaji wakisie umri, kazi na mahali walikotoka. Zaidi ya watu 4,000 walituma majibu. Tangu hapo majaribio ya namna hiyo yamerudiwa mara nyingi, kwa mbinu bora zaidi, na mambo mawili hujirudia. La kwanza, wasikilizaji hukubaliana sana. Ukiwauliza mia, wengi watakuambia huyu mpole na yule jeuri. La pili, kukubaliana huko si kupatia. Ukienda kumpima yule "jeuri" kwa njia nyingine unaweza kukuta ni mtu wa watu.

Kwa hiyo msikilizaji anasikia mambo mawili yaliyochanganyika. Kuna habari za mwili: kama wewe ni mwanamume au mwanamke, umri wa kukadiria, kama una mafua, umechoka, umetoka kulia, umevuta sigara miaka ishirini. Hizo hupatia mara nyingi. Halafu kuna habari za tabia: uaminifu, akili, ukarimu, uvivu. Hizo kwa sehemu kubwa msikilizaji anazitoa mfukoni mwake mwenyewe, kutoka kwa watu aliowahi kuwajua na sauti alizozoea kwenye redio na sinema, kisha anakupachika.

Shida ni kwamba masikio hayamwambii ipi ametoa wapi. Zote mbili zinamjia kwa uhakika uleule.

Kiongozi lazima awe na sauti nzito?

Takwimu zinaonekana kusema hivyo. Mwaka 2012 watafiti wa Marekani walirekodi watu wakisoma sentensi moja ya kuomba kura, wakaitengeneza kila sauti kwa kompyuta iwe nzito kidogo na nyembamba kidogo. Wasikilizaji, wake kwa waume, waliipa kura ile nzito, hata msemaji alipokuwa mwanamke. Mwaka uliofuata utafiti mwingine uliangalia wakurugenzi wakuu wanaume 792 wa kampuni za Marekani: wenye sauti nzito walielekea kuongoza kampuni kubwa zaidi na kulipwa zaidi. Margaret Thatcher alifundishwa kuishusha sauti yake katika miaka ya 1970, kabla hajawa waziri mkuu wa Uingereza, na ukisikiliza hotuba zake za mwanzo na za baadaye tofauti iko wazi.

Jambo hili limefuatiliwa hadi Tanzania. Mwaka 2007 ulichapishwa utafiti uliofanywa kwa Wahadzabe wanaoishi kandokando ya Ziwa Eyasi, na wanaume wenye sauti nzito walikutwa na watoto wengi zaidi. Wengi huishia hapo wanapousimulia. Mwaka 2009 watafiti walirudi na swali jingine. Wanaume na wanawake waliona kwamba mwenye sauti nzito ndiye hodari wa kutafuta chakula. Lakini walipoulizwa kuhusu mwenzi, wanaume walipendelea wanawake wenye sauti nyembamba, na wanawake kwa jumla hawakuwa na upande, isipokuwa waliokuwa wakinyonyesha walivutiwa zaidi na wanaume wenye sauti nyembamba. Ukiwa na mtoto mgongoni, labda hutafuti simba ndani ya nyumba. Hiyo ya simba ni yangu, watafiti msiwasingizie.

Sasa njoo kwenye historia. Waliomsikia Abraham Lincoln waliandika kwamba sauti yake ilikuwa nyembamba na kali. Na kwetu, waliokua na redio ya mbao sebuleni wanaikumbuka sauti ya Mwalimu Nyerere: haikuwa besi hata kidogo. Ilikuwa nyembamba kiasi, na mkwaruzo kwa mbali, ikipanda juu pale alipouliza swali la kumkejeli mtu asiyekuwepo, halafu kicheko. Nchi nzima ilinyamaza kuisikiliza. Sauti nzito hukupa mtaji wa sekunde za mwanzo, pale ambapo mtu hakujui. Akishakujua, anasikiliza kingine.

Basi kwa nini tunamwamini mtangazaji fulani kuliko mwingine?

Kwa mazoea zaidi ya kitu chochote. Asubuhi ya tarehe 1 Agosti 1982, wanajeshi waliojaribu kupindua serikali ya Kenya walimchukua mtangazaji Leonard Mambo Mbotela kutoka nyumbani kwake, wakampeleka kituo cha Sauti ya Kenya atangaze kwamba serikali imeangushwa. Walikuwa na bunduki na walikuwa na maikrofoni. Sauti ngeni ingeweza kuyasoma maneno yaleyale. Lakini walijua Mkenya aliyeamka na kufungua redio angeamini sauti iliyokuwa ikimwamkia kila siku, na hiyo hawakuweza kuiiga.

Ndiyo maana wateja wangu wakiniletea tangazo na kusema "tunataka sauti ya kuaminika", huwauliza: kuaminika na nani? Bibi wa Tanga na kijana wa Eastleigh hawakulelewa na redio moja.

Mwanamke akiongea kwa sauti nyembamba anaonekana mtoto, akiishusha anaambiwa ana dharau. Afanye nini?

Aliyeniuliza hili alikuwa ametoka usaili wa pili kwa wiki moja, na sikuwa na jibu la kumfurahisha. Mizani imeelemea upande. Mwaka 2014 jaribio lilifanywa Marekani kwa wasikilizaji 800. Wanawake 7 na wanaume 7 walisoma sentensi moja ya kumshukuru mwajiri kwa kuwafikiria, kila mmoja mara mbili: kwa sauti yake ya kawaida, na kwa ile sauti inayokatikakatika chini kama mlango mkavu. Wasikilizaji waliipendelea ya kawaida kwa elimu, kwa uaminifu na kwa kufaa kuajiriwa. Wanaume walipunguziwa, ila wanawake walipunguziwa zaidi.

Na kiwango chenyewe hakisimami mahali pamoja. Rekodi za wasichana wa Australia za mwaka 1945 zilipolinganishwa na za wenzao wa rika hilo za mwaka 1993, sauti ilikuwa imeshuka kwa mitetemo 23 hivi kwa sekunde. Koo hazikubadilika kwa miaka arobaini na minane. Kilichobadilika ni kile ambacho wasichana wale walikiona kinawafaa. Utafiti mwingine wa miaka ya 1990 uliwalinganisha Wajapani na Waholanzi ukaona kwamba Wajapani walipendelea zaidi sauti ya juu kwa mwanamke, wakiisikia kama upole na haya. Binti yuleyule angehukumiwa tofauti akishuka ndege Tokyo au Amsterdam.

Nilimwambia hivi: usiishushe sauti, ipunguzie mwendo. Mtu akiwa na wasiwasi anapumua juujuu, kifua kinapanda, koo linabana, sauti nayo inapanda. Huyo anayesikika "mtoto" mara nyingi ni mtu mwenye pumzi fupi. Kumaliza sentensi pumzi ikiwa bado ipo, bila kuikimbiza, kunafanya kazi ambayo kujitia besi hakuwezi. Besi ya kujitia inasikika, na wasaili wamechoka nayo.

Nina king'ong'o. Kwa nini watu wananicheka, na kinaweza kuondoka?

Tuanze na kujua unacho kipi, kwa sababu tunaita king'ong'o vitu viwili vilivyo kinyume.

Bana pua kwa vidole useme "mama anamenya ndimu". Umesikia "baba adabedya dibu", si ndiyo? Hiyo ni sauti ya pua iliyoziba. Sauti za m, n na ng' zinahitaji mlango wa pua uwe wazi. Mafua yanafanya hivyo, nyama za puani kwa watoto zinafanya hivyo, na nyingi zinatibika.

Sasa bana tena useme "baba kapata kitabu". Haikupaswa kubadilika, maana sentensi hiyo haina sauti hata moja ya puani. Kama imebadilika, au umehisi pumzi ikigonga vidole, basi una aina ya pili: kaakaa laini, ile sehemu laini ya nyuma ya paa la kinywa, halifungi vizuri na pumzi inavuja kwenda puani hata isipotakiwa. Wengine wamezaliwa na kaakaa lililopasuka, wengine kaakaa lao ni zembe tu, na wengine ni mazoea waliyoyaokota utotoni kwa kumsikiliza mtu nyumbani. Wa mazoea wanaweza kujifunza upya. Wa kaakaa wanahitaji daktari wa masikio, pua na koo, na wakati mwingine upasuaji.

Kuhusu kucheka: tangu mwaka 1968, David Addington alipochapisha utafiti wake kuhusu aina za sauti na tabia zinazopachikwa juu yake, king'ong'o kimekuwa kikiangukia upande mbaya, kwa wanaume na kwa wanawake. Sijapata kusoma sababu ya kuniridhisha. Ninachojua ni kwamba kwenye vichekesho vyetu vya redio na runinga, ukitaka mshamba au mpumbavu unampa king'ong'o, na mtoto aliyekulia kwenye vichekesho hivyo akikutana na mwenzake darasani anayezungumza hivyo, kazi imeshafanywa.

Sauti ya mikwaruzo inamaanisha mtu ni mlevi au muhuni?

Nitasimulia kisa. Kituo kimoja nilichowahi kufanyia kazi, jina niliache, kilikuwa kinatafuta mtangazaji wa jioni. Tulisikiliza rekodi bila kuwaona watu. Namba 14 alikuwa na sauti iliyokwaruza kama sufuria inayosuguliwa kwa mchanga, ila alisoma vizuri kuliko wote: koma zake zilikuwa mahali pake, na hakumeza silabi hata moja. Bosi wetu aliandika kando ya namba yake neno moja na alama ya kuuliza: "Mlevi?" Nikaona wengine wawili wakitikisa kichwa kukubali. Mimi pia nilikuwa nimewaza hivyohivyo, nisijitoe.

Alikuwa mwalimu wa darasa la pili, watoto zaidi ya tisini, chumba kimoja, bati bila dari, na mvua zilikuwa zimeanza. Hakuwahi kuonja pombe. Sauti ile ilikuwa ni mshahara wa kazi yake.

Mahali penye kelele sote tunapandisha sauti bila kujua. Mfaransa Étienne Lombard alilieleza hilo mwaka 1911. Mwalimu, konda, dalali wa mnadani, mhubiri wa stendi, wote wanaishi ndani ya kelele. Nyuzi zinazogongana kwa nguvu mchana kutwa huvimba, na zikiendelea hivyo kwa miezi huota vinundu vidogo, kama sugu za mkono wa mwenye jembe. Zikishakuwa na sugu hazifungi, pumzi inavuja, sauti inakwaruza, naye anazidi kukaza ili asikike. Konda anayeita "Posta! Posta! Kariakoo!" kuanzia alfajiri hana sauti ya kihuni kwa sababu ni muhuni. Tumemwona konda, tumemwita muhuni, kisha tumeiita sauti yake hivyo, na sasa yeyote mwenye sauti hiyo analipa.

Na mkwaruzo huohuo, mahali pengine, ni dhahabu. Bi Kidude wa Zanzibar aliimba hadi uzeeni kwa sauti iliyochanika, yenye moshi ndani yake, na mwaka 2005 akapewa tuzo ya Womex, maonyesho ya muziki wa dunia, huko Ulaya. Hakuna aliyemwambia akanywe tangawizi kwanza. Siti binti Saad kabla yake, aliyetoka kijijini kuja mjini Unguja, alikejeliwa kwamba bila sauti angekula nini, na sauti hiyohiyo ikampeleka Bombay kurekodi sahani za santuri mwaka 1928.

Sauti ikikauka na isirudi ndani ya wiki tatu au nne, mwone daktari, hasa kama unavuta sigara. Mara nyingi ni jambo dogo. Mara chache ni saratani ya koo, na hiyo ikiwahiwa inatibika.

Namba 14 hakupata kazi.

Sauti fulani ina maana ileile kila mahali duniani?

Hapana. Kuna lugha ambazo umbile la sauti ni sehemu ya neno lenyewe. Kwa Wadinka wa Sudan Kusini, irabu inayosemwa kwa sauti ya kawaida na irabu hiyohiyo ikisemwa kwa pumzi ni irabu mbili, na kuzichanganya ni kusema neno jingine. Wadenmark nao wana mkwamo mdogo kooni unaotenganisha maneno. Huko huwezi kusema msichana anayepumua kwenye irabu anajipendekeza, anatamka tu.

Kwetu tuna mfano mzuri ambao hatuuoni kwa sababu tunautumia kila siku. Muulize mzee wa pwani duka liko wapi. Kama ni karibu atasema "pale". Kama ni mbali atanyoosha kidevu na kusema "kuleee", sauti ikipanda juu kabisa hadi iwe nyembamba kama ya mtoto. Kadiri duka lilivyo mbali ndivyo sauti inavyopanda. Mgeni asiyejua atadhani mzee anafanya mzaha. Sisi tunapima kilomita.

Mbona sauti yangu kwenye rekodi si yangu?

Ni yako, ndiyo wengine wanayoisikia siku zote. Ukizungumza, wewe unaisikia kwa njia mbili: hewani kupitia masikio, na ndani kupitia mifupa ya fuvu, ambayo inapitisha vizuri mitetemo ya chini. Hivyo kichwani mwako una besi ya bure. Rekodi inakunyang'anya.

Simu inaongeza hasara. Mfumo wa kawaida wa simu hupitisha mitetemo kati ya 300 na 3,400 hivi kwa sekunde. Rudi juu uangalie: mtetemo wa msingi wa mwanamume ni 120. Haupiti kabisa! Ubongo wa msikilizaji unaukisia kutokana na kilichobaki. Studio ni kinyume chake: ukiisogelea maikrofoni hadi upana wa viganja viwili au pungufu, nyingi huongeza besi. Nusu ya zile "sauti za kiume" za redio ni maikrofoni.

Naweza kumjua mwongo kwa sauti yake?

Karibu na kurusha shilingi. Uchambuzi mkubwa wa mwaka 2006 uliokusanya tafiti nyingi ulikuta watu wanapatia wastani wa asilimia 54. Sauti inayotetemeka inakuambia mtu ana hofu. Haikuambii anaogopa nini, na mkweli anayeogopa kutoaminiwa hutetemeka vilevile.

Sauti zinazotengenezwa na kompyuta zinabadilisha chochote?

Zinabadilisha hili la mazoea. Programu za sasa zinaweza kuiga sauti ya mtu kutokana na rekodi fupi, na ujumbe wa sauti wa WhatsApp unatosha. Wale matapeli wa "ile hela tuma kwenye namba hii" walitegemea maandishi na bahati. Sasa wanaweza kutumia sauti ya mwanao. Ukipigiwa na sauti unayoipenda ikiomba pesa kwa haraka, kata, kisha piga mwenyewe kwa namba unayoijua. Familia nyingine wamewekeana neno la siri, na si wazo baya.

Naweza kuibadilisha sauti yangu kabisa?

Kwa kiasi. Urefu wa nyuzi na ukubwa wa koo umerithi, lakini pumzi, mkazo, mwendo na kiasi cha pua unavitawala wewe. Wanakwaya wanalijua hili. Kinachochosha ni kuishi kwenye unene usio wako, saa nane kwa siku. Nimeona watangazaji wachanga wakijiumiza hivyo ndani ya mwaka mmoja. Jirekodi ukisimulia jambo lililokuchekesha, bila kusoma. Unene uliotokea hapo ndio wako, anzia hapo.

Usaili ni kesho asubuhi na sauti imekauka. Nifanyeje?

Nyamaza kuanzia sasa. Usinong'one, maana kunong'ona kwa nguvu kunakaza koo kuliko kuongea polepole. Kunywa maji kidogokidogo. Jifukize mvuke wa maji ya moto dakika kumi. Mvuke ndio unaofika kwenye nyuzi zenyewe. Chai ya tangawizi itakuliwaza, na yai bibichi la wanakwaya sitakuzuia, ila vyote unavyomeza vinapita njia ya chakula, nyuma ya zoloto, bila kuzigusa nyuzi. Usikohoekohoe kusafisha koo, meza mate.

Ukiingia chumbani, neno la kwanza liwe kuomba radhi: "Samahanini, sauti imenikauka tangu jana." Umeshampa msikilizaji sababu kabla hajajitafutia ya kwake. Na njiani usijibishane na mtu: nauli mpe konda mkononi, kituo kikikaribia gonga bodi.